Mwaka Kilio Kilipokataa Kufungwa

Siku moja baada ya kumzika mama, shangazi Eveline alinifuata jikoni, akasimama mlangoni akishikilia kitenge chake kisiguse masizi, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema kwamba binti yangu Furaha hatakwenda Bukavu. Nilikuwa nakoroga sombe, majani ya muhogo, ya waombolezaji kwenye sufuria kubwa tuliyoazima kanisani, na jasho lilikuwa limenilowesha mpaka kiunoni. Furaha alikuwa amepata nafasi katika shule ya wauguzi, na shule ilikuwa inafunguliwa wiki iliyofuata. "Mutoto hawezi toka mu nyumba yenye iko na kilio," shangazi alisema. "Unajua desturi ya kwetu, Mama Furaha. Akae kwanza mpaka tufunge. Bukavu haitakimbia." Nikamjibu, "Naijua, shangazi. Naijua sana." Nikaendelea kukoroga. Ningesema zaidi, lakini sombe ukiiacha kidogo tu inashika chini, na watu wa Uvira wanasamehe mengi kwenye kilio lakini si sombe iliyoungua. Bukavu haitakimbia. Maneno hayo hayo, kutoka kinywa hicho hicho, niliambiwa nikiwa na umri wa Furaha, nimesimama jikoni humu humu, na Bukavu ilikimbia.

Watu wa nyumba hii wanausimulia mwaka ule kama kichekesho. Kwenye arusi, kwenye ubatizo, hata majuzi tukitoka makaburini, hakosi mtu wa kukumbusha jinsi mjomba Zakaria alivyotumwa kuleta mgomba wa kuzika, akaleta wa kupanda. Wanacheka, na mjomba Zakaria anacheka nao huku akiangalia viatu vyake. Mimi nimechoka na kicheko hicho. Nitausimulia mwaka wenyewe jinsi ulivyokuwa, na asiyetaka afunge kitabu. Mambo ya baba yetu, ya ukoo wetu, ya nani alimwoa nani huko Runingu, kijijini kwao, hayo nayaacha. Yanajaza kurasa bure.

Kaka yangu Shukuru alikula amesimama. Ndicho kitu cha kwanza ninachokiona nikilitaja jina lake: kijana mrefu ameegemea ukuta wa saloni, sebule yetu pale Rugenge, sahani ya bugali mkononi, anaongea na kila mtu kwa pamoja, na mama anamwambia, "Kaa chini, weye. Chakula iko nashukia mu miguu." Hakukaa. Alikuwa amemaliza shule miaka michache kabla yangu, akazunguka ofisi za mjini na diploma yake mpaka plastiki aliyoifunikia ikapasuka. Akaenda Kamanyola kuwabebea wafanyabiashara mizigo mpakani, akarudi bega moja limevimba. Akajaribu kuvua ndagala, dagaa wa ziwani, na vijana wa Kavimvira, akatapika kila walipoingia ziwani mpaka wakamrudisha nyumbani wenyewe, wakicheka. Halafu asubuhi moja akasema anaingia jeshini. Hakusema kwa fahari wala kwa uchungu, alisema kama mtu anayeaga kwenda sokoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Aliendelea kuchambua, akatupa kijiwe kimoja nje ya mlango, akasema, "Kula kwanza." Akapakua. Shukuru akala, akaosha sahani, akaenda. Kwa miaka mingi nimejiuliza kama lile neno la mama lilikuwa ruhusa au la.

Alirudi likizo mara moja tu, mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia. Suruali ya kijeshi ilimzidi kiunoni, alikuwa ameifunga kwa kamba ya neti chini ya mkanda. Mama alimwambia aivue hapo hapo, akamfunga kitenge chake mwenyewe, akakaa mlangoni penye mwanga akaipunguza kwa sindano ya mkono. Kwa hiyo askari wetu alishinda siku nzima na kitenge chenye maua, anachota sombe moja kwa moja kutoka sufuriani, majirani wanapita kumsalimu na kuona aibu kwa niaba yake. Yeye hakuona aibu. Mimi nilikuwa nimefaulu mtihani wa serikali na kupata nafasi ya kusomea uuguzi Bukavu, na hata nyumba ya kufikia ilikwisha patikana. Shukuru alinipeleka sokoni, akaninunulia kitambaa cheupe cha bluzi ya shule, akanitupia begani tukirudi. "Beba, dokta," alisema. Nikamwambia siendi kuwa dokta, ninakwenda kuwa muuguzi. "Kwangu minye uko dokta. Ile nafasi usiichezee, Riziki. Siku wananitoboa, nani atanishona? Mama anajua suruali tu." Mama alikuwa amefika nyuma yetu na mwiko mkononi, akampiga nao mgongoni, na hakuwa anacheza. Wiki ile ile nilishona ile bluzi, nikaitundika kwenye msumari juu ya kitanda changu ili niione kila nikiamka.

Aliyetuletea habari aliitwa Bahati, askari mwenzake, kijana mwenye uso wa kitoto. Alifika saa ya chakula cha mchana, akabisha hodi, akabaki nje akiuliza kama hapa ndipo kwa mama Shukuru. Mama alimtazama mara moja tu akajua, nilimwona anavyojua. Lakini hakumpa nafasi ya kuongea. Alimshika mkono akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti kile kizuri cha wageni, akamletea maji ya kunawa, bugali, ndagala za kukaanga na mboga ya lengalenga, akamwambia, "Kula. Habari haiozi." Yule kijana alikula machozi yakimdondokea sahanini, na mama akasimama karibu naye mpaka akamaliza. Ndipo akasema. Walikuwa wanasindikiza mizigo huko milimani, wakashambuliwa njiani, Shukuru akapigwa risasi ya tumbo. Alikaa nao hai mpaka jua lilipoanza kushuka, hapakuwa na gari la kumteremsha. Walimzika kando ya njia kwa sababu walipaswa kuondoka mahali pale, na Bahati mwenyewe alikuwa mmoja wa waliochimba. Nilianguka kwenye mkeka nikalia kwa sauti, majirani wakaingia wakilia, nyumba ikajaa. Mama alimwuliza Bahati swali moja tu. "Udongo ya kule iko namna gani?" Bahati akafuta pua kwa mkono. "Iko mawe, mama. Mawe tupu. Tulichimba na kofia ya chuma." Mama akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akachukua sahani ya mgeni, akaenda kuiosha.

Tuliomba mwili. Tuliambiwa tusubiri, kisha tukaambiwa barabara ni mbaya, kisha hatukuambiwa kitu. Sasa kwa upande wa baba yetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, unazikwa mgomba. Unakatwa wenye urefu kama wake, unavishwa nguo yake, unaliliwa, unafukiwa, na kilio kinaendelea kama vilio vingine vyote: watu wanalala hapo, moto unawaka uani, mpaka siku ya kukifunga. Siku hiyo majivu ya ule moto yanafagiliwa na kutupwa, watu wananyoa vichwa, na kila mtu anarudi kwenye maisha yake. Kabla ya hapo, hakuna mtu wa nyumba ile anayeruhusiwa kuhama: si kuoa, si kuolewa, si kwenda kusoma. Pasta wetu alisema yeye hawezi kuombea ndizi. Shangazi Eveline akamwambia basi asiiombee, sisi tutazika. Walibishana wee, mwisho pasta akakubali kusimama barabarani, nje ya ua, na kuiombea familia kwa sauti ya kutosha kusikika nyuma ya jiko. Aliomba amefumba macho, pikipiki zikimpita.

Wanaume wa Runingu walichelewa, kwa hiyo mjomba Zakaria, mdogo wake mama, ndiye aliyekwenda kuleta mgomba. Alirudi nao begani, kitako chake kimefungwa ndani ya gunia. Mama alipasha pasi ya makaa, akanyoosha shati jeupe la Shukuru la shule, kola mara mbili, polepole, kama vile mtoto anasubiri kuwahi kengele. Kisha akaingia nalo chumbani peke yake pamoja na ule mgomba, akafunga mlango. Walipoutoa ulikuwa umeviringishwa mashuka kuanzia chini mpaka juu, kola tu inaonekana. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikatamani kumgeukia nimwulize, na dada wa marehemu je, yeye anajua uchungu wa karanga tu? Lakini nilikuwa nimeshika mkono wa mama, na mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya pasi. Tulimfukia Shukuru nyuma ya jiko, penye udongo mweusi tunapomwaga maji ya vyombo.

Siku ya kufunga kilio ilikwisha pangwa, na sanduku langu la Bukavu lilikwisha fungwa, mvua zikaanza. Asubuhi moja nilitoka kumwaga maji nikaona pale kwenye kaburi kitu cha kijani kimejikunja, kinene kama kidole gumba. Nikadhani ni jani limeanguka. Nikaligusa kwa mguu, halikusogea. Mgomba ulikuwa umeota. Nilimwita mama. Alikuja akakitazama kile kichipukizi, mikono nyuma, akasema tu, "Usimwage tena mayi ya sabuni hapa." Akarudi ndani. Mimi nilibaki na beseni yangu nikijua kabisa kwamba jambo hili litanifikia. Shangazi Eveline alifika kabla ya mchana, sijui nani alimwambia. Alikizunguka kichipukizi mara kadhaa, akatangaza kwamba mwenye kuzikwa amekataa, na kwamba kilio cha mtu aliyekataa hakifungwi.

Hapo ndipo vilipoanza vikao. Kila Jumapili baada ya kanisa wakubwa walijaa saloni, wale wa Runingu na wale wa mjini, na mimi nikawa jikoni nawapikia, nikiwasikia vizuri kwa kuwa ukuta ule ulikuwa wa mbao. "Tuung'oe tu, tuzike mwingine," mmoja anasema. "Weye njo utaung'oa? Anza." Viti vinasogezwa nyuma. "Hajakataa mutu hapa. Zakaria alileta na mizizi, ile kitu inaota, njo vile." "Na Zakaria nani alimukosesha? Mutu muzima, hajue kama wanakata juu ya mizizi?" "Batu ya ziwa, hawajue ndizi." Kicheko. Mwingine akaleta wazo kwamba pengine Shukuru yuko hai, pengine yule askari alimzika mtu mwingine akachanganya. Wazo hilo lilizunguka Jumapili nzima, na mama alikaa anawasikiliza bila kufumba jicho. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona jambo kama lile, kwa hiyo kila mmoja akawa mtaalamu. Walikula maharage yangu, wakala sombe yangu, wakanawa, wakaondoka, na kitu cha kwanza walichokubaliana kila mara kilikuwa kukutana tena Jumapili ijayo. Mimi nilihesabu masufuria. Na mgomba ulikuwa unakua, jani juu ya jani, kwa furaha ya ajabu, haukujali mtu.

Nilimwendea mama. Alikuwa chumbani kwa Shukuru, amekaa kwenye mkeka wake ameegemea ukuta, hafanyi kitu. Nikamwambia, "Mama, sema. Weye njo mama yake. Ukisema kilio imefungwa, nani atakubishia?" Akaniambia yeye ni mwanamke aliyeolewa hapa tu, desturi ni ya watu wa mume wake. "Minye nitasema nini?" Nilishangaa. Mama huyu alikuwa anabishana na shangazi Eveline hata juu ya chumvi ya maharage. Mama huyu alimfukuza mtoza ushuru sokoni kwa kumkodolea macho. Leo hana la kusema. Nilitoka nikapiga mlango kwa nguvu, hakuniita kunikaripia, na hilo nalo liliniudhi. Siku nyingine nilikuwa natwanga sombe, nikapumzisha mchi, nikasikia sauti ya mjomba Zakaria nyuma ya jiko, akimwita mama yaya, yaani dada mkubwa. "Sema, yaya. Neno moja tu. Mutoto aende masomo." Nilisubiri jibu la mama. Kisha nikasikia, "Nipe lile jembe," na jembe likaanza kupandishia udongo kwenye shina. Nilimshukuru mjomba moyoni kwa kunihurumia, nikamhurumia mama kwa kuwaogopa wakwe zake. Nikaendelea kutwanga.

Bukavu ikakimbia. Hakukuwa na kelele. Mtu aliyetoka huko alipita akasema masomo yameanza muda mrefu na nafasi yangu amepewa msichana mwingine, halafu akaomba maji ya kunywa. Shangazi Eveline aliniambia nisijali, mwaka kesho upo, lakini mwaka kesho hapakuwa na nafasi wala nyumba ya kufikia. Bluzi ilikaa kwenye msumari mpaka ikawa ya manjano mabegani, mwishowe nikaifumua nikashona gauni la ubatizo la mtoto wa jirani. Lilipendeza. Wakaja wengine na vitambaa vyao, na hivyo ndivyo nilivyokuwa mshonaji. Watu husema kazi yangu ni nzuri. Ni nzuri, sikatai. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilikuwa naitaka.

Na sikiliza kilio kilivyofungwa. Hazikupita wiki nyingi baada ya ile habari ya Bukavu, mama akaamka asubuhi, akashika ufagio, akayafagia majivu ya uani mwenyewe, akayachukua kwenye karai akaenda kuyatupa. Shangazi Eveline alikuja mbio, khanga imelegea. "Mama Shukuru, uko nafanya nini?" Mama akasema, "Nimechoka na majivu." Basi. Wakubwa waliitwa, wakakuna vichwa, wakanyoa vichwa, wakanywa pombe ya kasiksi, wakaenda kwao. Hakuna aliyeanguka, mbingu haikupasuka. Mgomba ulikuwa palepale, mrefu kunizidi. Kufagia mara moja. Mwaka wangu mzima ulikuwa ndani ya ule ufagio, na miaka yote hii nimeshindwa kuelewa kwa nini haukushikwa mapema. Mgomba ule ulizaa, ukakatwa, ukaacha watoto, nao wakazaa, zile ndizi ndogo tamu tunazoziita kamaramasenge, lakini hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuzila. Ni za Shukuru. Ziliiva zikaanguka, ndege wakala, mbuzi wa jirani akala, akafukuzwa kwa mawe.

Mchana wa siku ile ya shangazi jikoni, nilipomaliza kupakua ile sombe, nilimpelekea mjomba Zakaria chai nyuma ya jiko. Amezeeka, mguu mmoja haumtii. Alikuwa amekaa kwenye kibao mbele ya migomba, ambayo sasa imekuwa kichaka, na mkungu mmoja wa mbele ulikuwa umeanza kuwa wa njano. Nilikuwa bado nimevimba kwa maneno ya shangazi, nikamwambia, bila upole, kwamba yote haya ni kwa sababu yake, angekata juu ya mizizi siku ile tungekuwa tunaongea mengine. Hakucheka safari hii. Alinywa chai kidogo, akasema, "Sasa amekwenda, naweza sema. Minye sikukosea, Riziki. Mama yako njo aliniambia niilete na mizizi."

Nikakaa chini kwenye udongo, na nguo yangu ya kilio.

"Aliniita pembeni. Alisema, kule wamemuweka mu mawe, hapa ataota. Alisema, mutoto wangu simuziki mu kitu yenye itaoza wiki moja. Akanipa gunia ya kufunika kitako." Nikamwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote, watu wakimfanya kichekesho kwenye kila arusi. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Ningesema, wangemucheka yeye." Nikakumbuka ule mlango uliofungwa, ile pasi, yale mashuka yaliyoviringishwa mpaka chini. Sawa. Hilo naweza kulielewa. Mimi ni mama. Nikamwuliza lile lingine. "Na Bukavu yangu? Mgomba umeota, sawa. Yeye angeweza kufagia yale majivu siku yoyote. Kwa nini hakusema?" Mjomba akaangalia viatu vyake. "Nilimuambia. Mara mingi nilimuambia, sema, mutoto aende. Siku moja akanijibu." "Alikujibu nini?" "Alisema, 'Ule wa kwanza nilimuambia kula kwanza, akakula, akaenda. Huyu, sitamupa chakula ya njia.'"

Nilitaka kusimama nimwendee mama nimpigie kelele, na mama tulikuwa tumemzika jana yake. Hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote, hasira isiyo na mtu wa kuipokea. Kwa hiyo "kula kwanza" ilikuwa ruhusa, na yeye aliijua, na aliibeba, akaamua mimi nitaibeba pamoja naye. Aliwaacha wakubwa wabishane Jumapili baada ya Jumapili, akakaa kimya kwenye kiti chake, na alikuwa na jibu chini ya jembe lake. Aliniona nikiitazama ile bluzi. Alinipenda, najua, sihitaji pasta wa kunielezea. Alinipenda akanikalia. Ningekuwa nimewashona watu, si nguo. Pengine kuna kijana mmoja aliyetobolewa mahali fulani ambaye ningemshona. Namlaumu mama na ninamlilia kwa wakati mmoja, na mdomo mmoja hautoshi kwa kazi hizo mbili. Shukuru aliniambia nisiichezee ile nafasi. Sikuichezea mimi, kaka. Nilitaka ujue.

Nilisimama nikapangusa nguo. Nilichukua ufagio wa uani, nikaenda kwenye moto wa kilio cha mama yangu, nikawaambia wanaume waliokaa pale wasogeze miguu. Walidhani nasafisha. Nilisambaza makaa ya moto, nikayamwagia maji, nikayafagia majivu yote mpaka ardhi ikaonekana, nikayatia kwenye karai. Shangazi Eveline alitoka ndani ya nyumba akiwa na sahani yake mkononi. Amezeeka naye, kitenge chake bado ni safi. "Mama Furaha, ni mambo gani hii? Kilio haina hata wiki." Nikamwambia, "Kilio kimefungwa, shangazi. Watakaonyoa wanyoe leo. Furaha anasafiri kesho asubuhi." Akasema watu watasemaje. Nikasema waseme, Jumapili waje tena wakae kikao, safari hii sipiki. Sikumpandishia sauti. Alinitazama, akatazama lile karai, na nadhani aliona ufagio mwingine wa zamani, kwa sababu aliketi akaendelea kula.

Asubuhi nilikwenda nyuma ya jiko na panga. Mjomba Zakaria alikuwa amekwisha amka, akashika shina huku mimi nikikata, tukauteremsha ule mkungu wa njano taratibu usipondeke. Migomba mingine tuliiacha. Ina haki ya kukaa, haikumkosea mtu. Nilichambua vichane vizuri, nikavifunga kwenye kitenge cha mama, kile chenye maua, nikambebesha Furaha tukaenda barabarani alipokuwa anasubiriwa na gari. Shangazi Eveline alitusindikiza mpaka kwenye ua, akauliza kwa sauti ndogo, "Hizo si za Shukuru?" Nikasema ndiyo, ni zake, na ni chakula ya njia. Dereva alikuwa tayari anapiga honi. Furaha aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya gari, nikamshika mkono nikamrudisha chini, nikafungua fundo la kitenge, nikamenya ndizi moja nikampa. "Kula kwanza," nikamwambia. Binti yangu akaegemea ubavu wa gari, akaanza kuongea na dereva, na kondakta, na mimi, wote kwa pamoja, mdomo umejaa. Alikula amesimama.